Hali ya kundi zima katika kila mstari: maswali ya wasomaji kuhusu safuwima za kukokotoa

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zinazunguka jambo moja. Ripoti ina jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kazi, lakini anayeisoma hataki habari za kazi mojamoja. Anataka kujua mradi mzima, ambao kazi hizo ni sehemu yake, umefikia wapi. Ili majibu yafuatike kwa urahisi, nimetumia mfano mmoja kwa barua zote. Jedwali linaitwa Kazi, nalo lina safuwima ya Mradi, safuwima ya Hali na safuwima ya Mwisho, yaani tarehe ambayo kazi inatakiwa iwe imekwisha. Hali ya kazi ni mojawapo ya nne: Haijaanza, Inaendelea, Imekwama au Imekamilika.

Swali: Ninatayarisha ripoti kwa Power BI, programu ya Microsoft ya kuchanganua data na kuchora ripoti. Nimeandika safuwima ya kukokotoa, yaani safuwima ambayo thamani zake hutolewa na fomula, inayosema kwamba kazi ikiwa imekamilika basi mradi umekamilika, vinginevyo mradi unaendelea. Matokeo yake mradi mmoja unaonekana umekamilika katika mstari huu na unaendelea katika mstari unaofuata. Nifanyeje ili mistari yote ya mradi mmoja iseme neno lilelile? – *Mtayarishaji wa ripoti*

Jibu: Fomula yako haikukosea hesabu; imejibu swali dogo kuliko lile ulilokusudia kuuliza. Safuwima ya kukokotoa hupita kwenye jedwali mstari kwa mstari, na inapokuwa juu ya mstari fulani haioni chochote ila thamani zilizomo katika mstari huo. Ukitaka mstari ujue habari za wenzake, ni lazima fomula iambiwe waziwazi itoke nje ya mstari wake, iikusanye mistari yote yenye jina lilelile la mradi, iihesabu, kisha irudi na jibu.

Kabla ya kuandika fomula hiyo, hata hivyo, kuna kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuamua kanuni. Chukua mradi wenye kazi 5, ambazo 3 zimekamilika, 1 inaendelea na 1 haijaanza: hakuna atakayebisha kwamba mradi huo unaendelea. Sasa chukua mradi wenye kazi 2, moja imekamilika na nyingine haijaanza. Humo hamna kazi hata moja inayoendelea, lakini mradi wenyewe umeshaanza na haujaisha, kwa hiyo nao tunalazimika kuuita unaoendelea. Je, mradi wenye kazi 20, ambazo 19 zimekamilika na 1 imekwama, tuuite umekwama? Hapa watu wa ofisi moja wanaweza kutofautiana kabisa: msimamizi atataka uonekane umekwama ili ashughulikie kikwazo, na mwenye kuandika taarifa ya maendeleo ataona neno hilo linaficha kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Swali la namna hii haliamuliwi na mwandishi wa fomula peke yake. Waulize watakaoisoma ripoti, uandike jibu lao, kisha ndipo ufungue Power BI.

Mimi huipanga kanuni kama maswali yanayoulizwa kwa zamu, na swali la kwanza kupata jibu la ndiyo ndilo linaloamua. Kwanza, je, kuna kazi hata moja iliyokwama? Pili, je, kazi zote zimekamilika? Tatu, je, kazi zote hazijaanza? Maswali yote matatu yakijibiwa hapana, mradi unaendelea. Utaona kwamba swali la kwanza ni la «hata moja» na mawili yanayofuata ni ya «zote». Karibu kila hali ya kundi huundwa kwa aina hizo mbili za maswali, na zote mbili hujibiwa kwa kuhesabu: «hata moja» maana yake hesabu imezidi sifuri, na «zote» maana yake hesabu ya zilizotimiza sharti inalingana na jumla ya kundi.

Kwa lugha ya DAX inayotumiwa na Power BI, kanuni hiyo huandikwa hivi:

```
Hali ya Mradi =
VAR Jumla =
    CALCULATE ( COUNTROWS ( Kazi ), ALLEXCEPT ( Kazi, Kazi[Mradi] ) )
VAR Zimekwama =
    CALCULATE ( COUNTROWS ( Kazi ), ALLEXCEPT ( Kazi, Kazi[Mradi] ),
        Kazi[Hali] = "Imekwama" )
VAR Zimekamilika =
    CALCULATE ( COUNTROWS ( Kazi ), ALLEXCEPT ( Kazi, Kazi[Mradi] ),
        Kazi[Hali] = "Imekamilika" )
VAR Hazijaanza =
    CALCULATE ( COUNTROWS ( Kazi ), ALLEXCEPT ( Kazi, Kazi[Mradi] ),
        Kazi[Hali] = "Haijaanza" )
RETURN
    SWITCH ( TRUE (),
        Zimekwama > 0, "Umekwama",
        Zimekamilika = Jumla, "Umekamilika",
        Hazijaanza = Jumla, "Haujaanza",
        "Unaendelea" )
```

Moyo wa fomula hii ni ALLEXCEPT. CALCULATE inapoitwa ndani ya safuwima ya kukokotoa, huzigeuza thamani zote za mstari uliopo kuwa vichujio, hivi kwamba ukiiacha peke yake itahesabu mistari iliyofanana kabisa na huo, ambayo kwa kawaida ni mmoja tu. ALLEXCEPT huviondoa vichujio hivyo vyote isipokuwa kile cha Mradi. Kinachobaki ni kundi zima la mradi, na sharti la Hali linaongezwa juu ya kundi hilo. Kama kundi lako linatambulishwa na safuwima mbili, tuseme Mradi na Mwaka, zitaje zote mbili ndani ya ALLEXCEPT. Ukiisahau moja, miradi ya miaka tofauti itachanganyika bila onyo lolote.

Ukisoma maelezo ya zamani utakutana na EARLIER, amri ya kurejea thamani ya mstari ambao fomula ilianzia, mahali ambapo mimi nimetumia VAR, yaani kigeu: jina linalotunza hesabu. EARLIER bado inafanya kazi, ila tangu vigeu vilipoingia katika DAX mwaka 2015 sioni sababu ya kumsumbua mtu nayo, kwa kuwa fomula yenye vigeu husomeka kutoka juu kwenda chini na kila hesabu ina jina lake.

Ipo njia ya mkato ambayo huenda umeshashauriwa: kuipa kila hali namba, kisha kuchukua namba kubwa kuliko zote katika kundi na kuigeuza kuwa neno. Njia hiyo hufaa pale kanuni inaposema kwamba hali mbaya kuliko zote ndiyo ya kundi. Inashindwa kwenye ule mradi wa kazi mbili, kwa sababu «Inaendelea» haimo katika kazi yoyote, na namba kubwa kuliko zote haiwezi kuzaa hali ambayo hakuna mstari ulio nayo. Kuchukua MAX ya maandishi yenyewe ni kubaya zaidi, maana humo kinachoshinda ni mpangilio wa alfabeti.

Swali: Sina Power BI, ninatumia Excel, na jedwali langu lina mistari ipatayo 50,000. Je, hayo yanawezekana? Nimejaribu COUNTIFS, lakini mistari ambayo haina jina la mradi inaonekana imekamilika, na faili limekuwa zito. – *Karani wa takwimu*

Jibu: Yanawezekana, na tatizo lako la kwanza lina sababu iliyo wazi. COUNTIFS huhesabu mistari inayotimiza masharti uliyoyataja. Sharti lake likielekezwa kwenye seli tupu, Excel huichukulia seli hiyo kuwa ni sifuri, kisha hutafuta mistari ambayo mradi wake ni namba 0. Haipati. Kwa hiyo jumla ya kundi inakuwa 0, kazi zilizokamilika nazo zinakuwa 0, na fomula inayouliza kama hesabu hizo mbili zinalingana inajibu ndiyo. Swali la seli tupu lazima liulizwe kabla ya mengine yote:

```
=IF([@Mradi]="","Hauna mradi",
 IF(COUNTIFS([Mradi],[@Mradi],[Hali],"Imekwama")>0,"Umekwama",
 IF(COUNTIFS([Mradi],[@Mradi],[Hali],"<>Imekamilika")=0,"Umekamilika",
 IF(COUNTIFS([Mradi],[@Mradi],[Hali],"<>Haijaanza")=0,"Haujaanza",
 "Unaendelea"))))
```

Fomula hii inadai kwamba data yako imefanywa kuwa jedwali rasmi la Excel, na katika baadhi ya kompyuta mipangilio ya eneo hutaka nukta-mkato mahali pa mkato. Angalia jinsi «zote zimekamilika» ilivyogeuzwa kuwa «hakuna ambayo haikukamilika». Kimantiki ni kitu kilekile, lakini inaokoa hesabu moja, na tena alama ya «<>» katika COUNTIFS huhesabu pia seli tupu, hivi kwamba kazi ambayo hali yake haijajazwa itauzuia mradi kuitwa uliokamilika. Nadhani hivyo ndivyo inavyostahili.

Jambo jingine la kuangalia ni misimbo ya miradi. Kama miradi yako inatambulishwa kwa misimbo mirefu ya tarakimu tupu, COUNTIFS huisoma kama namba hata pale ilipohifadhiwa kama maandishi, na Excel huzitunza tarakimu 15 tu za mwanzo wa namba. Misimbo miwili ya tarakimu 18 inayotofautiana mwishoni tu itahesabiwa kuwa mradi mmoja. Kuweka herufi mbele ya kila msimbo huondoa matatizo hayo.

Kuhusu uzito, kila COUNTIFS kimsingi inaipitia safuwima nzima kwa ajili ya kila mstari, na 50,000 mara 50,000 ni ulinganishaji bilioni 2.5, nawe unazo COUNTIFS tatu. Dawa yake ni kutofanya hesabu hiyo kwenye jedwali la kazi. Tengeneza jedwali dogo lenye mstari mmoja kwa kila mradi, weka fomula humo, kisha ulete jibu kwenye jedwali la kazi kwa XLOOKUP, au kwa INDEX na MATCH kama Excel yako ni ya zamani. Ukiwa na miradi 400, COUNTIFS zitafanya kazi mara 400 badala ya mara 50,000.

Swali: Safuwima yangu ya hali ya mradi inafanya kazi vizuri katika Power BI, lakini chati inasema miradi iliyokamilika ni 14 wakati najua kwa hakika ni 3. Kosa liko wapi? – *Msomaji mwenye mashaka*

Jibu: Chati yako imehesabu mistari. Miradi 3 iliyokamilika ina kazi 14 kwa jumla, na kwa kuwa hali ya mradi imerudiwa katika kila mstari wa kazi, neno «Umekamilika» limeandikwa mara 14. Unaweza kubadilisha hesabu ya chati iwe ya miradi isiyojirudia, kwa DISTINCTCOUNT ya Kazi[Mradi], na jibu litakuwa 3. Ninachopendekeza hata hivyo ni kuihamisha safuwima yenyewe. Hali ya mradi ni sifa ya mradi, kwa hiyo mahali pake ni kwenye jedwali la Miradi, lenye mstari mmoja kwa kila mradi na lililounganishwa na jedwali la Kazi. Huko fomula inakuwa fupi, maana RELATEDTABLE ( Kazi ) huleta kazi zote za mradi ule bila ALLEXCEPT, na chochote utakachohesabu kitahesabika mara moja.

Kwa kuhamia huko utakutana na mgeni ambaye jedwali la Kazi halikuweza kukuonyesha, naye ni mradi usio na kazi hata moja. Katika jedwali la Kazi mradi wa namna hiyo haupo, kwa kuwa hakuna mstari unaoutaja. Katika jedwali la Miradi upo, na kanuni yetu itautangaza kuwa umekamilika: jumla ya kazi zake ni tupu, idadi ya zilizokamilika ni tupu, na DAX huona tupu na tupu kuwa ni sawa. Wanamantiki watakuambia kwamba haikukosea, kwani kauli ya «zote» juu ya kundi lisilo na kitu ni kweli siku zote. Msimamizi wa mradi hatafurahishwa na mantiki hiyo. Anza fomula na swali la ISEMPTY ( RELATEDTABLE ( Kazi ) ), na jibu lake liwe «Hauna kazi».

Swali: Nimeweka kichujio cha mwezi juu ya ukurasa. Nikichagua mwezi fulani, mistari inapungua kama inavyotakiwa, lakini hali ya mradi haibadiliki kabisa. Nimeifunga na kuifungua ripoti, hali ni ileile. – *Mchanganuzi chipukizi*

Jibu: Haitabadilika, hata ukiifungua mara ngapi. Safuwima ya kukokotoa hupata thamani zake wakati data inapopakiwa upya, na thamani hizo huhifadhiwa pamoja na jedwali kama vile zingekuwa zimetoka kwenye chanzo. Kichujio anachokigusa msomaji huchagua mistari ipi ionekane. Hakirudii hesabu iliyokwisha kufanyika. Hali hiyohiyo huwapata wanaotumia TODAY ndani ya safuwima ili kuonyesha kazi ambazo tarehe ya Mwisho imepita. Katika Power BI «leo» ya safuwima hiyo ni siku data ilipopakiwa mara ya mwisho, tofauti na Excel, ambayo huihesabu upya TODAY kila faili linapofunguliwa na kukokotolewa. Ripoti isiyopakiwa upya tangu Ijumaa itaendelea kuishi Ijumaa hadi Jumatatu.

Kama unataka jibu linalofuata kichujio, unahitaji kipimo, yaani fomula inayokokotolewa kila ripoti inapochorwa. Lakini jiulize kwanza kama kweli unakitaka. «Mradi umefikia wapi?» ni swali lenye jibu moja bila kujali mwezi uliochaguliwa, na safuwima inalifaa. «Kazi za mradi zilizotakiwa kwisha mwezi huu zimefikia wapi?» ni swali jingine, na hilo ndilo la kipimo. Nimeona ripoti ambazo mradi uliokwama unaonekana umekamilika kwa sababu tu msomaji alichagua mwezi ambao kazi iliyokwama haimo, na hakuna mahali popote kwenye ukurasa panapomweleza kwamba neno analolisoma ni la mwezi huo peke yake. Ukiamua kutumia kipimo, kipe jina linalosema hivyo, kwa mfano «Hali ya kazi za kipindi».

Ukishaamua, usiinakili tu fomula ya barua ya kwanza na kuondoa ALLEXCEPT. Tuseme mradi una kazi 2, moja imekamilika na moja inaendelea, na msomaji amechuja ripoti abaki na kazi zinazoendelea. Jumla inafuata kichujio na kuwa 1. Hesabu ya zilizokamilika ina sharti lake lenyewe juu ya Hali, na sharti hilo hukifuta kichujio cha msomaji, kwa hiyo nayo inakuwa 1. Moja ni sawa na moja, na mradi unatangazwa umekamilika, mbele ya mtu aliyeomba kuonyeshwa kazi zinazoendelea! Jumla iandikwe hivi ili hesabu zote mbili zitazame kundi lilelile:

```
VAR Jumla =
    CALCULATE ( COUNTROWS ( Kazi ), REMOVEFILTERS ( Kazi[Hali] ) )
```

Kisha, Jumla ikiwa 0, kipimo kirudishe BLANK () ili miradi isiyo na kazi katika kipindi hicho isijitokeze, na kwenye mstari wa jumla kuu, ambako kipimo kitakuwa kinaikokotoa miradi yote kana kwamba ni mmoja, kizuie kwa HASONEVALUE, ambayo huuliza kama umebaki mradi mmoja tu. Kumbuka pia kwamba kipimo hakiwekwi kwenye mhimili wa chati wala hakiwi kichujio cha kubofya. Anayetaka vitufe vya «Umekwama» na «Unaendelea» juu ya ukurasa hana budi kubaki na safuwima.

Swali: Hali zinajipanga Haujaanza, Umekamilika, Umekwama, Unaendelea. Ninataka Umekwama iwe ya kwanza. – *Msanifu wa ripoti*

Jibu: Huo ni mpangilio wa alfabeti. Tengeneza safuwima ya namba, 1 kwa Umekwama, 2 kwa Unaendelea na kuendelea, kisha uiambie safuwima ya maneno ijipange kwa kufuata ile ya namba. Ila namba usizikokotoe kutokana na maneno, kwa sababu Power BI italalamika kwamba kuna mzunguko: maneno yanategemea namba kwa mpangilio, na namba zinategemea maneno kwa thamani. Geuza utaratibu. Fomula ndefu ya kuhesabu itoe namba, na safuwima fupi ya SWITCH izigeuze namba hizo kuwa maneno.

Malalamiko ya mzunguko hutokea pia mtu anapoandika safuwima mbili zenye CALCULATE katika jedwali moja bila ALLEXCEPT, maana kila moja huigeuza nyenzake kuwa kichujio na hivyo kuitegemea. Ukiyaona, anza kukagua hapo.

Swali: Ofisini kwetu data inatoka kwenye hifadhidata ya SQL. Je, ni vyema hali ya kundi ikokotolewe huko kabla ya kufika kwenye ripoti? – *Mtunza hifadhidata*

Jibu: Kama kanuni ni moja kwa ripoti zote, ndiyo, ikokotolewe huko, ili ripoti tatu zisije zikatoa majibu matatu. SQL ina chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hii, nacho ni hesabu za dirisha, zilizoingizwa katika kiwango rasmi cha SQL mwaka 2003. Kati ya programu za hifadhidata, PostgreSQL ilizipata katika toleo la 8.4 la mwaka 2009, na MySQL ilisubiri hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018. Tofauti na GROUP BY, ambayo hulikunja kundi kuwa mstari mmoja, hesabu ya dirisha huiacha mistari yote mahali pake na kuandika jibu la kundi kando ya kila mmoja:

```
SELECT mradi, kazi, hali,
  COUNT(*) OVER (PARTITION BY mradi) AS jumla,
  SUM(CASE WHEN hali = 'Imekamilika' THEN 1 ELSE 0 END)
    OVER (PARTITION BY mradi) AS zimekamilika
FROM kazi;
```

Zungushia hoja hii (query, yaani ombi kwa hifadhidata) hoja nyingine ya nje inayolinganisha jumla na zimekamilika, kwa kuwa matokeo ya dirisha hayaruhusiwi kutumika moja kwa moja ndani ya WHERE, sehemu inayochuja mistari.

Tahadhari yangu kubwa kwako ni NULL, yaani alama ya SQL ya thamani isiyojazwa. Nilimwambia karani wa takwimu kwamba katika Excel sharti la «<>Imekamilika» linahesabu seli tupu, na DAX nayo huichukulia thamani tupu kuwa tofauti na neno hilo. SQL haifanyi hivyo. Kulinganisha NULL na chochote hakuleti kweli wala uongo. Huleta jibu la tatu, lisilojulikana, na CASE WHEN hulipita jibu hilo kana kwamba ni uongo. Kwa hiyo ukihesabu kazi ambazo hali <> 'Imekamilika' na ukapata 0, mradi wenye kazi 4 zilizokamilika na 1 ambayo hali yake ni NULL utahesabiwa umekamilika. Ndiyo maana hapo juu nimehesabu zilizokamilika na kuzilinganisha na COUNT(*), ambayo huhesabu kila mstari bila kujali kilichomo. Ukiandika COUNT(hali) mahali pa COUNT(*), kosa lilelile linarudi kwa mlango mwingine, kwani COUNT ya safuwima huziruka NULL. Mistari ambayo mradi wake wenyewe ni NULL itakusanywa yote katika kundi moja. Iondoe au uitaje kwa jina lake kabla ya kuhesabu.

Swali: Nitajuaje kwamba fomula yangu ni sahihi, na data ni kubwa kiasi kwamba siwezi kukagua kwa macho? – *Mwanafunzi wa uchanganuzi wa data*

Jibu: Usikague data kubwa. Andika kwa mkono jedwali dogo la majaribio, kila mradi humo ukiwa umetungwa kwa makusudi ya kuitega fomula, na kando ya kila mradi uandike jibu unalolitarajia kabla ya kuiendesha. Weka mradi ambao kazi zake zote zimekamilika na mwingine ambao zote hazijaanza. Weka wenye kazi moja tu. Weka ule wa kazi mbili, moja imekamilika na moja haijaanza, kwa sababu huo ndio unaozikamata fomula nyingi. Weka wenye kazi 19 zilizokamilika na 1 iliyokwama, wenye kazi isiyojazwa hali, mistari miwili isiyo na jina la mradi, na, kama unatumia jedwali la Miradi, mradi usio na kazi.

Ongeza mradi mmoja ambao hali ya kazi yake mojawapo imeandikwa kwa nafasi ya ziada mbele ya neno, na mwingine ulioandikwa «imekamilika» kwa herufi ndogo. Wa kwanza utaonekana unaendelea milele, kwa kuwa neno lenye nafasi mbele yake si lile fomula inalolitafuta. Wa pili utategemea mahali ulipo: COUNTIFS na DAX hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali Power Query, ambayo huandaa data kabla haijafika kwenye jedwali, inazitofautisha. Ukisafisha hali katika Power Query kwa Text.Trim, inayoondoa nafasi za pembeni, na Text.Proper, inayoanza neno kwa herufi kubwa, miradi yote miwili itajirekebisha bila kuigusa fomula. Jedwali hilo la majaribio lihifadhi karibu na ripoti, na siku wenye ripoti watakapoongeza hali ya tano, tuseme «Imesitishwa», liendeshe upya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote: miradi yenye kazi za hali hiyo mpya, isipokuwa ile yenye kazi iliyokwama, itaangukia kwenye «Unaendelea», kwa sababu hilo ndilo tawi la mwisho la SWITCH linalopokea kila kisichotajwa.